Lazanya ya Fundi

Chumba kilipakwa rangi kabla mwenye kuhamia hajaulizwa. Ndivyo Meneja alivyofanya mambo yake. Si kwamba alikuwa meneja wa mahali popote. Kazini alikuwa msimamizi wa stoo katika kiwanda cha magodoro, na jina hilo alibandikwa na wadogo zake tangu wakiwa wasichana, kwa kuwa aliwapangia hata upande wa kulalia. Sasa alikuwa na mume, watoto na diploma ya ugavi ukutani, na bado aliiona dunia kama stoo ambayo mtu mwingine ameipanga vibaya.

Aliyetakiwa kuhamia chumba hicho, nyumbani kwa Meneja, ni baba yake. Mtaa mzima ulimwita Fundi, maana alikuwa mwashi, na nusu ya kuta za mtaa huo zilisimamishwa kwa mikono yake. Tangu mkewe afariki aliishi peke yake katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, na alikula kama Meneja alivyoshuhudia siku alipofungua friji yake: mkate, kopo la samaki, na nusu kitunguu kilichofungwa kwenye kipande cha gazeti kwa heshima kubwa, kama kidani.

"Baba," alimwambia, "unaishi kama mtu anayesubiri basi."

Fundi alijibu kwamba hata kama ni basi, kituo ni chake, amekijenga mwenyewe, na ana haki ya kukaa kwenye benchi.

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Msusi, binti wa kati, aliyekuwa na saluni yake na hivyo amezoea kukubaliana na kila anayekaa kwenye kiti, alimuunga mkono baba alipozungumza baba, na dada alipozungumza dada. Aliyetoa suluhisho ni Kitindamimba, ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuendesha magari na kwa sababu hiyo haogopi kitu tena. Alisema mambo ni rahisi. Dada anadai Baba hawezi kujilisha. Basi Baba apike, Jumapili ya mwisho wa mwezi, familia nzima ije na matumbo matupu, na asisaidiwe na mtu. Chakula kikiisha chote, Baba abaki kwake na asisumbuliwe tena. Kikibaki, afungashe.

Meneja alikubali upesi, kwa sababu alikuwa na uhakika wa ushindi. Baba yake alikuwa hajui chumvi inakaa kabati gani. Lakini mzee naye hakuwa mtoto wa jana.

"Sitapika vyakula vya mama yenu," alisema. "Nikivipika mtavilinganisha na vyake, na hapo nimeshindwa kabla sijawasha moto. Nitapika kitu cha mbali, ambacho hakuna hata mmoja wenu anayejua kinatakiwa kiweje."

Meneja alikunja uso, ila moyoni alimvulia kofia.

Wiki zilizofuata Fundi aliizunguka dunia bila kuvuka geti lake. Kitindamimba alimpa simu yake ya zamani na kumwonyesha jinsi ya kutafuta video za wapishi. Fundi alizima sauti. Alisema wapishi wana maneno mengi na lugha zao hazijui. Uashi alijifunza kwa kutazama mikono ya watu, na upishi nao ni kazi ya mikono.

Meneja hakuwa mjinga wa kusubiri siku yenyewe bila habari. Aliyepakana ukuta na baba yake alikuwa mama mmoja mshonaji, mnene wa moyo na mwepesi wa mdomo, aliyeitwa Mama Cherehani, na huyo ndiye aliyekuwa macho yake. Alimpigia simu kila jioni akitoka kazini.

Habari za kwanza zilikuwa nzuri, yaani mbaya. Fundi alianza na Korea. Alipakia kabichi na pilipili kwenye mtungi, kama Wakorea wanavyofanya ili ichachuke, lakini mtungi wenyewe akauziba kwa ustadi ule ule anaoziba nao tangi la maji. Kabichi ilipoanza kutoa hewa haikupata pa kutokea. Kifuniko kikaruka na kugonga dari mchana kweupe, na Mama Cherehani akapitisha sindano kwenye kidole chake badala ya kitambaa. Dari ilibaki na doa kubwa jekundu. Fundi alikataa kulipaka rangi, akisema hiyo ndiyo ramani ya Korea.

Ikaja supu ya bitiruti, vile viazisukari vyekundu, ile wanayokula watu wa nchi za baridi wakiwa wamevaa makoti. Mama Cherehani alichungulia dirishani, akamwona mzee amesimama kwenye sinki na mikono myekundu mpaka viwiko, akakaribia kuita watu. Baadaye ikawa zamu ya Uhispania. Huko, Fundi aligundua, wali wa sufuria pana huachwa ushike chini kwa makusudi, na ule ukoko ndio unaogombaniwa mezani. Alifurahi kupita kiasi kuona kuna taifa zima linalounguza wali na kujisifu, kwa sababu alikuwa ameshaharibu masufuria mawili kabla ya kujua kuwa ni Mhispania.

Wajapani hakukaa nao sana. Alimwambia Meneja kwenye simu kwamba wali baridi na samaki mbichi si kupika, ni kupanga, na kupanga amemwachia yeye.

Alikuwa amechangamka, huyo mzee. Zamani ukimpigia simu ungepata "nipo", "tunashukuru", na kimya. Sasa alikuwa na hoja. Alimsimulia binti yake kwamba Wachina hufunga nyama ndani ya unga, Warusi hufunga, Wapolandi hufunga, Waitalia nao hufunga, na kila mmoja ana jina lake na anaapa kuwa jirani ndiye aliyemwibia.

"Binadamu ni yule yule, mwanangu," alisema. "Akipata nyama kidogo, anaificha kwenye unga ionekane nyingi."

Meneja alicheka, kisha akakata simu na kukaa kwenye gari bila kuliwasha. Kila Jumatano na kila Jumamosi tangu msiba alikuwa akimpelekea baba yake chakula. Alikuwa akilalamika kuhusu safari hizo mpaka mumewe akazikariri: foleni, mafuta, mgongo. Lakini Jumatano iliyopita alikuta chakula cha Jumamosi bado kiko kwenye hotipoti, hakijaguswa, na baba yake akaomba radhi kwa haraka, akisema alikuwa Hungaria. Tangu siku hiyo Meneja alijikuta anaomba wali uungue. Si jambo la kujivunia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wiki moja kabla ya mtihani, Mama Cherehani alileta habari kamili: mzee amekata shauri, anapika lazanya. Alieleza kwamba ni chakula cha Kiitalia, kinajengwa kwa matabaka. Unatandika karatasi za unga, unamwaga nyama ya kusaga yenye nyanya, unapaka mchuzi mzito wa maziwa, unatandika tena, mpaka unafika juu na kufunika kwa jibini, ndipo unaoka. Fundi alipoiona kwenye simu mara ya kwanza alisimama wima. Aliona kozi za matofali, aliona udongo, aliona lipu. Alisema Mwitaliano aliyebuni kitu hiki lazima baba yake alikuwa mwashi.

"Amejaribu?" Meneja aliuliza.

"Juzi. Imeporomoka mwanangu, kama ghorofa lisilo na kibali. Kukata tu, yote ikakaa chini. Tukaila kwa vijiko kama uji."

"Tukaila?" Meneja alisema. "Nani na nani?"

Upande wa pili cherehani ikaanza kulia ghafla. Halafu Mama Cherehani akasema mtandao unasumbua, na simu ikakatika.

Jumapili ikafika. Meneja alikuja na mumewe na watoto, Msusi na wake, Kitindamimba peke yake na njaa ya watu wengi. Geti lilikuwa wazi. Moshi mwembamba ulikuwa ukipanda uani, na Meneja, ambaye siku zote huanza ukaguzi nyuma ya nyumba, alizunguka huko kabla hajamsalimia mtu.

Akasimama.

Uani kulikuwa na tanuri jipya la matofali. Jiko la Fundi lilikuwa la gesi, la plate mbili, halina pa kuokea. Basi mzee alifanya kile ambacho mwashi hufanya akikosa kitu. Tanuri lilikuwa na mdomo wa tao, mgongo wa mviringo, na kidirisha cha kutolea moshi kilichonyooka kama kimechorwa. Meneja alipitisha kidole kwenye mistari kati ya tofali na tofali. Hakuna hata mmoja uliopinda. Baba yake hakuwa ameshika tofali tangu wamzike mama yao. Zana zake alizifunika kwa turubai, akasema amechoka, nao wakaamini ni uzee.

Alirudi mbele, akamsalimia baba yake, akamwambia aproni yake imegeuzwa nje ndani.

Jikoni, sinia kubwa la kuokea mikate, lililoazimwa kwa mwoka mikate wa kona, lilikuwa juu ya meza. Ndani yake lazanya ilisubiri kuingia motoni. Kwa kuwa watu walikuwa wengi na sinia ni moja, Fundi hakuipanua, aliipandisha. Ilikuwa nene kuliko lazanya yoyote ambayo Mwitaliano angekubali kuiona. Juu yake aliweka kibao kisafi, na juu ya kibao pima maji, ile ya kijani yenye kiputo, akasubiri kiputo kitulie katikati. Mchuzi ukielemea upande mmoja, alieleza, walio upande wa pili wanaonewa. Kisha akainua sinia yeye na Kitindamimba, kwa sababu kubeba hakukuhesabiwa kuwa kupika, wakalisukuma tanurini.

Walipoketi, harufu ilikuwa imeshamaliza nusu ya mabishano. Watoto walikuwa wamemeza mate mpaka wakachoka. Msusi alikwisha kubali kuwa dada yuko sahihi na baba yuko sahihi. Sinia lilitua mezani, jibini limekauka kuwa la dhahabu na kuchemka pembeni, na mzee akavua kofia yake, akaiweka kitini, akashika kisu.

"Anza na Dada," Kitindamimba alisema. "Ndiye mkaguzi."

Fundi alikata kipande cha mraba. Kisu kilikuwa kile kile cha kukatia mkate, butu kama ulimi. Alizungusha, akabonyeza, akaingiza koleo bapa chini ya kipande, akainua.

Kipande kikainuka. Na kilicho jirani yake kikainuka. Na cha jirani ya jirani. Mzee akainua zaidi, kwa imani, na lazanya yote, kutoka pembe hii mpaka pembe ile, ikanyanyuka kwenye sinia kama blanketi linalotolewa kwenye kamba, ikining'iniza nyanya.

Fundi aliishusha taratibu, akajaribu upande wa pili. Upande wa pili nao ukainuka na ukoo wake wote.

"Baba," Meneja alisema, "kuna nini humu ndani?"

Mzee alijikuna sikio. "Nondo," alisema.

Ilibidi aeleze. Ile ya kwanza iliporomoka kwa sababu haikuwa na kitu cha kuishikilia. Zege bila nondo halibebi, kila mtu anajua. Basi safari hii, katikati ya kila tabaka, alipanga tambi ndefu, zile kavu, kwenda na kukatiza, kama wavu wa nondo kwenye sakafu ya ghorofa. Mpaka hapo hata Mwitaliano angeweza kumvumilia. Lakini nondo hufungwa. Nondo zisizofungwa ni vijiti tu. Kwa kuwa waya hauliwi, alinunua kwa Mama Cherehani uzi mweupe wa pamba, akauchemsha uwe safi, akafunga kila mahali tambi zilipopishana, fundo kwa fundo, uzi mmoja bila kuukata, tabaka lote. Ilimchukua usiku na asubuhi. Wala hakuona taabu; alisema mikono ilikuwa inaimba.

Kitindamimba ndiye aliyeanza. Alilala juu ya meza, akagonga mbao kwa ngumi. Msusi akafuata, machozi yakimharibia wanja. Mume wa Meneja, mtu mpole asiyecheka ukweni, alitoka nje kidogo, na walimsikia huko. Meneja alikaza uso kadiri alivyoweza. Aliutazama ule mjengo, akamtazama baba yake aliyesimama na koleo, nyanya kwenye sharubu, akingoja ripoti kama anavyongoja mhandisi wa jiji, na mbavu zake zikamsaliti. Alicheka mpaka akashika kiti.

"Hii haigawiki," alisema alipopata pumzi.

"Imekusudiwa isianguke," Fundi alisema. "Haijaanguka."

Basi ikalazimu ashindwe mtu, na zilizoshindwa ni sahani. Zilirudishwa kabatini. Kila mmoja alichukua uma, wakalizunguka sinia, wengine wameketi, wengine wamesimama, wakaishambulia lazanya pembeni. Binti mdogo wa Msusi alipata ncha ya uzi, akauvuta. Ukaja, ukaendelea kuja, mrefu, mwekundu, una ladha, na wenzake wakauramba kwa zamu ukiwa unapita. Tabaka moja liliachia, watu wakashangilia kama daraja limefunguliwa.

Na ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililomkera Meneja. Nyama ilikuwa imepikwa polepole, mchuzi wa maziwa haukuwa na madonge, tambi zilikuwa zimekunywa nyanya zote. Kila aliyekula alisema chake. Msusi alisema dunia ina vyakula vingi lakini vyote vinataka mtu mwenye muda. Kitindamimba alisema Waitalia wasiambiwe.

Kelele zikavuka ukuta. Kichwa cha Mama Cherehani kilitokeza kwenye mlango wa uani, na nyuma yake mwoka mikate aliyekuja kuangalia sinia lake, na kila mmoja, bila kuulizwa, alikuwa amekuja na uma wake mkononi. Ndipo Meneja alipoelewa nani na nani. Hawakuwa wageni hapa. Walijua vikombe vinakaa wapi. Mama Cherehani alivuta kigoda kwa mguu bila kuangalia, kama mtu anayekivuta kila siku.

"Wewe ulikuwa mpelelezi wangu," Meneja alimwambia.

"Mpelelezi naye hula, mwanangu," Mama Cherehani alijibu, akachovya uma.

Lazanya ikapungua. Jengo likawa ukuta, ukuta ukawa msingi, mpaka kikabaki kipande kimoja tu, cha pembeni, chenye jibini lililoshika sinia. Kilikuwa upande wa Meneja. Kila mtu aliweka uma chini, kwa sababu hata watoto walilikumbuka sharti: kikiisha chote.

Meneja alikuwa ameshiba kwelikweli. Angeweza kusema hivyo na usingekuwa uongo. Kipande kingebaki, na mwezi ujao baba yake angekuwa kwake, ng'ambo ya ukumbi, mahali ambapo angemsikia akikohoa.

Fundi hakumtazama. Alikuwa anakung'uta uzi kwenye aproni.

"Nikila hiki," Meneja alisema, na sauti haikuwa ile ya stoo, "Jumatano nitakuja huku kufanya nini?"

Ilimchukua mzee muda kuelewa. Alipoelewa, aliacha uzi. Alimwangalia binti yake mkubwa, aliyempaka mama yake mafuta siku za mwisho, aliyepanga msiba, aliyekatiza mji mzima na hotipoti kwenye kiti cha nyuma, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama naye amekula.

"Jumatano ni Ugiriki," alisema. "Biringanya, nyama, na mchuzi mweupe kama huu. Njoo na njaa. Usije na kitu."

"Na uzi?"

"Uzi hatutatumia."

"Na hilo tanuri litafunikwa mvua ikija, au umelijenga lilowe?"

"Mabati nilikuwa nakungoja wewe uyapange," Fundi alisema.

Meneja alishusha pumzi. Alikwangua kipande kile chote, pamoja na jibini lililoshika, akakitia mdomoni, akatafuna mbele ya mashahidi kwa uso wa mtu anayesaini kupokea mzigo.

"Chumvi imepungua," alisema.

Fundi aliinuka mbio kwenda kuleta chumvi, akapita jikoni moja kwa moja mpaka kwenye kabati la chumvi, ingawa sinia lilikuwa tupu.